Kocha Alipoketi Tena

Nyumba namba 14, Mtaa wa Corona,
Mayfield, Newcastle.
Jumanne, 11 Februari 2025.

Mpendwa mpwa wangu Darcy,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini maneno haya yatakukuta mzima, wewe na Rūta, na kwamba kikohozi cha mtoto wenu Elzė kimemwacha. Sisi huku hatujambo. Joto limetubana wiki nzima, hata mbwa wa jirani ameacha kubweka mchana. Baba yako ametoka hospitali na goti jipya. Daktari alimwambia atembee kila siku, naye anatembea, mpaka kwenye friji na kurudi. Mama yako anamvumilia kama kawaida.

Barua hii inakuja kwa njia ya kompyuta, lakini nimeiandika kama nilivyozoea, yenye anwani na tarehe. Sikutaka kupiga simu. Kwenye simu mimi na wewe hukatizana, na jambo lenyewe halitaki kukatizwa.

Ujumbe wako wa jana asubuhi nimeupata. Nirudie nilivyouelewa, ili kama nimekosea unisahihishe. Mwenyekiti Purcell amekupigia. Anataka uje kuwa kocha mkuu wa Nyangumi msimu ujao. Anataka jibu kufikia Ijumaa. Na amekuomba usimwambie mtu, hasa Ron Vassallo, kwa sababu Ron mwenyewe hajaambiwa kwamba anaondolewa. Ron huyo huyo aliyekutoa timu ya vijana, akakufundisha kazi ya ukocha, akawaandikia watu wa Klaipėda, huko uliko, wakupokee. Sasa unaniuliza ufanye nini.

Umemuuliza mtu aliyeandika habari za timu hii misimu thelathini. Basi nitajibu kwanza kama mwandishi. Ushangazi utakuja mwishoni.

Nianze na mechi ya Jumapili, maana ndiyo iliyoleta haya yote. Matokeo unayajua. Townsville walitufunga kwa pointi moja, hapa nyumbani, mchana kweupe, na tumekosa nafasi ya kuingia mtoano. Kabla watu hawajafika kwenye magari yao, kila mmoja alikuwa na maneno yaleyale mdomoni: Vassallo kazeeka, Vassallo amelala na nafasi ya kusimamisha mchezo mfukoni. Nadhani na Purcell alikwambia hivyo.

Kanuni unaijua kuliko mimi, lakini Rūta atasoma begani kwako, na najua mpira wa kikapu haumhusu, kwa hiyo naieleza. Katika nusu ya pili kila kocha ana nafasi tatu za kusimamisha mchezo ili aongee na wachezaji wake. Zikifika dakika mbili za mwisho, anaruhusiwa kubaki na mbili tu. Kama bado anazo tatu, moja inakufa. Hailipwi, haikopeshwi. Ndiyo maana kila benchi lina kocha msaidizi anayehesabu, na dakika ya tatu kutoka mwisho humwonesha mkuu wake vidole.

Robo ya nne ilipofika katikati tulikuwa tunaongoza kwa tisa. Townsville wakaanza kula. Mtupo wa pointi tatu kutoka pembeni, mpira ulioibwa, mtupo mwingine. Uwanja mzima ukawa unapiga kelele, "Simamisha! Simamisha!" Ron akakaa. Hilo si jipya. Unakumbuka mwenyewe, Ron hasimamishi mchezo kwa sababu wapinzani wamefunga mara tatu. Huwaacha wachezaji watafute dawa wenyewe. Wakishindwa, anawaacha washindwe kidogo zaidi.

Hapo ndipo alipokosea, na nimeandika hivyo gazetini. Tofauti ilipopungua hadi pointi nne, Townsville walikuwa wameshagundua kwamba kijana wetu mrefu amechoka na harudi nyuma kwa wakati. Hilo si jambo ambalo wachezaji wanalitatua wakiwa wanakimbia. Lilitaka kocha asimame, amtoe mmoja, amwingize mwingine. Angetumia nafasi moja pale, nisingekuwa naandika barua hii.

Lakini watu hawasemi kosa hilo. Wanasema lile la baadaye, na hilo la baadaye mimi nililiona.

Meza ya waandishi inatazamana na benchi letu. Townsville wamefunga, tunaongoza kwa pointi mbili, saa inakaribia dakika mbili. Kocha msaidizi akamwonesha Ron vidole vitatu, akaigonga saa yake ya mkononi. Ron akasimama. Mkono wake ulikuwa umeshaanza kuelekea meza ya maofisa. Wakati huohuo Tevita Moala, mchezeshaji wetu, alikuwa anangoja kurushiwa mpira chini ya goli letu. Akageuka, akamtazama Ron, akatikisa kichwa. Mara moja tu, kama mtu anayekataa sukari kwenye chai. Ron akaushusha mkono, akaketi tena.

Moala akapanda na mpira, akamwita yule mrefu aje amzibie njia beki wake, akawavuta mabeki wawili, akampasia aliyebaki peke yake. Tukafunga. Dakika mbili zikapita na nafasi moja ikafa. Kwa wakati ule hakuna aliyelalamika, kwa sababu tulikuwa mbele kwa pointi nne.

Yaliyofuata umeyaona kwenye picha za video. Nafasi mbili zilizobaki Ron alizitumia, na zote mbili alizitumia vizuri. Kisha yule bwana mdogo wa Townsville akatupa kutoka pembeni huku ameng'ang'aniwa fulana, mpira ukaingia, wakawa mbele kwa moja. Sekunde nne. Kama ile nafasi ingetumika kabla haijafa, huenda moja ya zile mbili ingebaki, nasi tungeanzia mpira upande wao wa uwanja, kwa mpango uliochorwa. Haikuwapo. Moala akakimbia na kutupa kutoka katikati. Mpira ukagonga chuma. Basi.

Unajua desturi ya klabu. Tangu enzi za wafanyakazi wa kiwanda cha chuma walioianzisha, kocha akimaliza mechi ya nyumbani hupanda kwenye chumba cha wanachama, ashinde ashindwe, asimame karibu na birika la chai na kuulizwa. Makocha wengine huko Sydney na Melbourne wanasema ni ushenzi. Ron hajawahi kukosa. Jumapili nilidhani angekuja amechelewa. Alikuja kabla hata hawajamaliza kugawa pai.

Shirl Bannister, aliyekuwa mpishi wa kantini ya kiwanda, hakumpa nafasi ya kuvuta pumzi.

"Kocha, ile nafasi ya tatu umeenda nayo nyumbani ukaipande kwenye chungu?"

"Nilisahau, Shirl," Ron akasema.

"Umesahau?"

"Nilisahau kanuni. Nilidhani tunabaki nazo zote."

"Mume wangu ana miaka themanini na tatu. Siku nyingine hata jina langu hanalo. Lakini zamu yake ya kununua bia haisahau."

"Basi mlete Jumatatu, akae benchini."

Watu walicheka, ila si kwa muda mrefu. Mzee mmoja aliyevaa fulana ya zamani ya timu alisema kutoka nyuma, "Tumekaa misimu sita tukikwambia usimamishe mchezo, Ron. Sita. Unatuona sisi mapambo?"

"Hapana, bwana. Nawasikia. Mna sauti."

"Na leo?"

"Leo nimesahau. Siwezi kukuongezea hapo."

Purcell alikuwa amesimama mlangoni na glasi ya maji. Alisikiliza, akaangalia simu yake, akatoka. Kwa saa zenu huko ilikuwa asubuhi, na naona hakuchelewa kukupigia.

Sasa Darcy, kocha aliyeoneshwa vidole vitatu na msaidizi wake hawezi kusema amesahau. Alijua. Alichagua. Na angeweza kusema hivyo mbele ya Shirl na wale wote: mchezeshaji wangu aliniambia acha, nikamwamini. Nusu ya chumba wangemwelewa. Lakini kesho yake mji mzima ungekuwa unamzungumzia Moala, na Moala ana miaka ishirini na mbili, na anapanga foleni duka lilelile la mikate na wao.

Jana mchana nilikwenda kwa Ron. Nilikwenda kikazi, na siri yako sikuigusa. Nilimkuta anapalilia nyanya zake nyuma ya nyumba, kofia mpaka kwenye nyusi. Hakuacha kupalilia.

"Uliona," akasema.

"Meza yangu inatazama benchi lako, Ron."

"Utaandika?"

"Naandika ninachokiona."

"Basi andika kwamba nilisimama nikaketi. Hiyo ni kweli na ni yangu. Nani alitikisa kichwa, hilo ni la watu wawili, na mmoja wao analipwa kubeba lawama."

"Ulidhani kijana yuko sahihi?"

"Alikuwa sahihi. Tulifunga, au sivyo?"

"Mkafungwa."

"Glenys," akaniambia, sasa akinitazama, "huyo mtoto alipokuja kwangu na miaka kumi na saba, kila akipoteza mpira alikuwa ananiangalia kama aliyevunja kikombe cha mama yake. Jumapili ameniambia hapana mbele ya watu elfu tano. Mimi nilikuwa naingojea hiyo hapana. Ilipokuja, nimkatalie kwa sababu ya saa?"

Niliandika kwamba alisimama akaketi. Cha kichwa sikuandika. Kichwa kinaweza kutikiswa kwa sababu ya jasho, na mimi sichapishi ninachokisia. Wewe nakwambia kwa sababu ndiye utakayeachiwa huyo kijana, na ni haki yako kujua unaachiwa nini.

Nimewaona makocha wengi kwenye benchi lile. Yule Mmarekani, Kessler, aliyetuletea kombe, alikuwa anachora kwenye kibao mpaka wachezaji wakakijua kisogo chake kuliko uso. Alipoondoka, timu ilikaa msimu mzima haijui kuanza shambulio bila kuambiwa. Baada yake alikuja Hargreave, aliyekuwa anamtoa mchezaji kila anapokosea. Mwishoni hakuna aliyekosea, kwa sababu hakuna aliyejaribu kitu. Wote wawili walikuwa wanajua mpira. Huko kwenu najua hata kinyozi anaweza kukosoa ulinzi wa timu yako na akawa na hoja, kwa hiyo ujuzi sina wasiwasi nao. Ninachokiangalia siku hizi ni timu inafanya nini kocha anapokuwa ameketi.

Timu ya Ron hufanya mengi akiwa ameketi. Baadhi ni upuuzi. Safari moja wakiwa Wellington walibishana uwanjani nani akabe nani mpaka wakafungwa goli la bure. Lakini wanabishana wao kwa wao, hawamgeukii mtu. Kitu hicho kimechukua misimu sita kujengwa, na kocha mpya mwenye haraka anaweza kukivunja kabla ya Krismasi. Purcell hakioni. Yeye anaona nafasi iliyokufa na kocha mwenye mvi aliyekiri kusahau. Simlaumu sana, kiti chake hakitazamani na benchi.

Ninachomlaumu ni njia aliyopita. Ron ana mkataba hadi Juni na jana alikuwa anapanga mazoezi ya vijana. Mtu anayemzunguka Vassallo leo, akikuahidi wewe, ujue na kwako atapita njia hiyohiyo siku atakapochoka. Wahenga walishasema kuhusu kunyolewa na kutia maji, sina haja ya kukumalizia.

Kabla sijaondoka, Ron aliniuliza, bila kupandisha sauti, "Watamwita Darcy, sivyo?"

Nikainama nikatazama nyanya zake. Ron ananifahamu miaka mingi.

"Ni sawa," akasema. "Kama wangeniuliza mimi, ningemtaja yeye. Mwambie asinipigie kuomba radhi, atanichosha. Wala asiniombe ruhusa, klabu si yangu. Anipigie kuhusu Tevita. Kuna vitu vitatu vinne kuhusu huyo kijana ambavyo havimo kwenye video yoyote."

Kisha akanipa nyanya, nyingi kuliko ninazoweza kula, akarudi kwenye jembe lake.

Sasa ndiyo nakuja kwenye jibu. Kubali. Kazi hii unaiweza na mji unaujua. Lakini usimjibu Purcell Ijumaa. Mjibu kesho, na umwambie mambo mawili. Kwanza, yeye mwenyewe aende kwa Ron, uso kwa uso, amwambie, kabla gazeti lolote halijapata, la kwangu likiwemo. Pili, kwamba wewe utampigia Ron siku hiyohiyo. Akikataa hayo mawili, umeshajua unafanya kazi na nani, ubaki Klaipėda. Baridi haijamuua mtu mwenye koti.

Na ukikubali, jiandae kwa siku yako. Itakuja. Moala au mwingine atakutikisia kichwa saa inakwenda, utaketi au utasimama, na kwa vyovyote utapanda ngazi kwenda kwa Shirl. Sijui kama ningependa useme ulisahau. Sijui kama ningependa usiseme. Nimelifikiria tangu Jumapili. Ron alidanganya chumba kizima cha watu waliomwamini, na ni uongo wa kwanza niliomsikia akisema pale. Ulimkinga kijana, na ukampa Purcell sababu aliyokuwa anaitafuta. Yote mawili ni kweli, na sitakuchagulia moja.

Baba yako anasema urudi mara moja. Usimsikilize, anatafuta mtu wa kukata nyasi. Mama yako anasema umsikilize Rūta, na hapo namuunga mkono. Kuhama na mtoto mdogo ni kazi, na atakayekuwa anashinda nyumbani wewe ukiwa Perth na Cairns ni yeye. Mwulize kwanza, kabla hujamjibu Purcell.

Limebaki moja, na nataka ulipate kwangu, si kwa mtu mwingine. Gazeti letu haliruhusu mwandishi kuandika habari za ndugu yake. Ni kanuni nzuri, niliwahi kuwasimamia vijana wengine waifuate. Ukiichukua timu, naiacha. Leo asubuhi nilimwambia mhariri kwamba huenda nikaomba kuhamishwa mwezi wa sita. Sikumtajia sababu. Alinitazama, akaniuliza kama naumwa.

Usiliweke hilo kwenye mizani yako. Nimeshalipima mwenyewe, na wala halikuwa zito kama nilivyodhania.

Kuna jambo la meza yetu ambalo pengine hulijui, maana hujawahi kukaa pale. Mwandishi hashangilii. Hapigi makofi, hasimami, haguni refa anapokosea. Siku tulipochukua kombe, watu walikuwa wanalia na kukumbatiana nyuma yangu, bia inanimwagikia mgongoni, mimi nikaandika matokeo na majina ya wafungaji. Misimu thelathini. Niliipenda timu hii kwa mikono iliyokaa mezani.

Basi leo, nikitoka kwa mhariri, nilipita dirisha la tiketi nikauliza kadi ya uanachama inapatikanaje. Binti wa pale alinijua, akadhani namhoji. Nikamwambia, hapana mwanangu, nataka kukaa. Kuna kiti safu ya tisa, upande wa benchi, na ameniwekea hadi Ijumaa. Ukija, nitakikalia. Sijui kushangilia kukoje. Huenda mechi za mwanzo nikakaa kimya kwa mazoea tu, mikono magotini. Ukigeuka ukaniona hivyo, usidhani nimekasirika. Nitakuwa najifunza.

Nisalimie Rūta sana, na mwambie ule mkate wake mweusi bado naukumbuka. Mbusu Elzė kwa ajili ya babu yake Neil na bibi yake Bronwyn, ambao wanabishana sasa hivi jikoni nani alisahau kumwagilia maua. Mungu awalinde katika njia zenu zote, hizi za huko na hii ya kurudi kama itakuwapo, na akupe moyo uliotulia siku ya kujibu.

Ni mimi shangazi yako, ninayekupenda ukiwa mbali na nitakayekupenda ukiwa safu tisa mbele yangu,

Glenys Hallinan